Majira ya Mavuno ni Majira ya Kukumbuka

Katika nchi za baridi, kama vile Uingereza na Marekani, kuna majira ambayo majani ya miti hugeuka kuwa mekundu na ya manjano, kisha hupukutika mpaka matawi yakabaki matupu. Watu wa huko waonapo hivyo huwakumbuka wafu wao, na papo hapo huweka akiba ya chakula na kutengeneza nyumba kabla ya baridi kali kufika. Vitabu vya shule huyaita majira hayo vuli. Lakini mtu wa pwani asikiapo neno vuli huwaza mvua, maana kwake vuli ni mvua fupi za mwisho wa mwaka. Naye mtu wa Uasin Gishu hana vuli ya namna yo yote: mvua yake ni moja, huanza Machi na kupungua Septemba, na miti yake haivuliwi majani na baridi.

Hata hivyo si kweli kwamba nchi hii haina majira ya kukumbuka na kuanza upya. Mkaaji wa Pioneer, mtaa ulioko katika mji wa Eldoret, huyaona kila mwaka bila ya kutoka kwake mbali. Ifikapo Oktoba mashamba yaliyouzunguka mji huacha rangi ya kijani na kugeuka rangi ya mchanga. Majani ya mahindi hukauka, na upepo upitapo hutoa sauti kama ya karatasi. Ndipo watu huanza kuyakata mahindi na kuyasimamisha mafungu mafungu yapate kukauka vizuri, kisha huvunja, hupukuchua, huanika na kutia katika magunia. Karani ambaye mwaka mzima ameshika kalamu huomba likizo ili akavune kwao. Mabua huachiwa ng'ombe, magunzi huwa kuni, wala hakuna kitu kinachotupwa.

Makanisa nayo hufuata majira hayo. Katika Jumapili ya mavuno waumini huja na gorogoro za mahindi na maharagwe, kuku waliofungwa miguu, mikungu ya ndizi, maziwa, pengine hata kondoo. Baada ya ibada vitu hupigwa mnada, na mtu aweza kuonekana akinunua kwa bei kubwa kuku yule yule aliyemleta mwenyewe. Watu hucheka na kuimba, na mfuko wa kanisa hujaa. Hayo yote ni mema. Lakini aliyekaa Uasin Gishu kwa miaka mingi ajua ya kuwa katika kicheko hicho kuna watu ambao macho yao yako mbali, kwa sababu majira ya mavuno katika nchi hii ndiyo pia majira ya wafu.

Jambo hili si geni. Wanandi wa zamani, kabla ya mahindi kuenea, walilima wimbi, na A. C. Hollis aliandika habari za desturi zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1909. Wimbi lilipoanza kuiva, mwenye shamba alikwenda pamoja na binti zake, wakachuma punje chache. Kila mwanamke akatia punje moja katika mkufu wake, nyingine akaitafuna na kujipaka katika paji la uso, koo na kifua. Hawakuonyesha furaha. Walikata kikapu kimoja kwa huzuni, wakakipeleka nyumbani kikaushwe darini. Baadaye, uji wa nafaka mpya ulipopikwa, kila mtu wa nyumba alipewa sehemu yake, na mzee akaomba afya, nguvu na maziwa. Basi watu wale walijua jambo ambalo wengi leo wamelisahau, kwamba mtu hawezi kula chakula kipya kwa haki asipotulia kwanza na kuwaza.

Yako mengi ya kuwazwa. Jina la Pioneer ni neno la Kiingereza lenye maana ya mtangulizi, yaani mtu afunguaye njia. Lakini ni nani aliyetangulia hapa? Makaburu waliofika mwaka 1908 kwa magari yao ya ng'ombe, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walijihesabu kuwa watangulizi. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, na kwa ajili hiyo mji uliitwa Sixty-Four, jina ambalo katika vinywa vya Wakalenjin limekuwa Sisibo mpaka leo. Lakini miaka mitatu tu kabla ya magari yale kufika, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kupinga utawala wa Waingereza, aliuawa kwa bunduki alipokuwa amekwenda kuonana nao kwa mazungumzo ya amani. Na kabla ya Wanandi walikuwako Wamasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao ndilo lililobaki juu ya nchi.

Uhuru ulipokaribia, wengi katika Makaburu waliuza mashamba wakaondoka. Kanisa lililotokana na kazi yao halikuondoka: Reformed Church of East Africa lina makao yake makuu Eldoret, na waumini wake ni Waafrika. Mashamba nayo yalinunuliwa na watu binafsi, na vyama, na kampuni za wananchi, wakiwamo Wakikuyu wengi waliotoka katika mkoa wa kati na katika vibarua vya walowezi. Hapo ndipo kumbukumbu mbili zilipokutana katika shamba moja. Mmoja alikumbuka kwamba babu yake alinyang'anywa nchi hii. Mwingine alikumbuka kwamba baba yake aliilipia kwa jasho na fedha. Hakuna katika hao wawili aliyesema uwongo.

Kwa muda mrefu uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanywa mwezi wa Desemba: tarehe 29 Desemba 1992, tarehe 29 Desemba 1997, na tarehe 27 Desemba mwaka 2002 na mwaka 2007. Mkulima ataona mara moja maana yake. Desemba ni mwezi ambao ghala imejaa. Basi vurugu zilipozuka, kama zilivyozuka Burnt Forest mwishoni mwa mwaka 1992, nyumba zilipochomwa, chakula cha mwaka mzima kiliungua pamoja nazo. Katiba iliyopitishwa mwaka 2010 iliuhamishia uchaguzi Agosti, wakati mahindi yangali shambani. Lakini kumbukumbu haihamishwi kwa sheria.

Tarehe 1 Januari 2008, kufuatia ugomvi juu ya matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2007, watu wa Kiambaa, shamba lililo karibu na Eldoret, walikuwa wamekimbilia kanisa dogo la Kenya Assemblies of God. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto wa Kikuyu. Kundi la vijana lilikuja likalichoma kanisa. Watu wapatao 30 walikufa, wengine wakiungua mle ndani, wengine wakifia hospitali au njiani. Katika nchi nzima, Tume ya Jaji Waki ilihesabu wafu 1,133 katika machafuko yale, nao waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Washtakiwa wanne walioletwa mbele ya Mahakama Kuu kwa ajili ya moto wa Kiambaa waliachiliwa mwaka 2009. Kwa hiyo wafiwa hawakupewa na mahakama jina la mtu wa kumsamehe wala wa kumlaumu. Ilibaki juu ya majirani wenyewe kujua watakavyoishi.

Wako wasemao, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hii ni njema, lakini yafaa kuangalia ni nani aisemaye, na kwa nani. Mtu akijiambia mwenyewe juu ya hasara yake, hiyo ni hekima. Mtu akimwambia jirani yake aliyefiwa, wakati yeye mwenyewe hakupoteza kitu, hiyo ni amri ya kunyamaza. Tena mganga hawezi kuganga yajayo bila kuuliza maumivu yalianza wapi. Kwa upande mwingine, wako wasemao kwamba hawatasahau kamwe, na maana yao si kuwakumbuka wafu bali kuwafundisha watoto jina la adui. Hao nao hawawaheshimu wafu, huwatumia tu.

Mtu aliyeonyesha njia iliyo kati ya hizo mbili alikuwa Askofu Cornelius Korir, aliyeiongoza Dayosisi ya Katoliki ya Eldoret tangu mwaka 1990 mpaka alipofariki tarehe 30 Oktoba 2017. Katika siku zile za Januari 2008 maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu naye akawapokea. Lakini kazi yake kubwa ilifanyika baadaye, pale watu wa magazeti walipokwisha kwenda zao. Hakuanza kwa mikutano mikubwa ya viongozi. Alianza kwa kukutana na watu wachache wa kila upande, kila upande peke yake, wapate kusema uchungu wao wote bila ya kukatizwa. Kisha ndipo alipowakutanisha. Na walipokwisha kusikilizana, walipewa kazi ya kufanya pamoja, kama vile kutengeneza barabara, shule au josho la ng'ombe. Aliyaandika hayo katika kitabu chake kiitwacho Amani Mashinani. Angalia taratibu yake: kwanza kumbukumbu, kisha kazi. Ungeanza na kazi, watu wangelima pamoja na huku wamenuniana. Ungeishia katika kumbukumbu, wangerudi nyumbani na uchungu wao na barabara ingebaki mbovu.

Ulimwenguni wako watu wa dini nyingine waliofikiri kama hayo. Waunitari ni watu waliotoka katika Ukristo wa Ulaya, wakashika kwamba Mungu ni mmoja bila ya Utatu. Kanisa lao la zamani liko Transylvania, nchi iliyo sasa ndani ya Romania, ambako mwaka 1568 baraza la nchi lilitoa amri mjini Torda kwamba kila usharika uwe na ruhusa ya kuwa na mhubiri anayeupendeza. Waunitari wa huko hula meza ya Bwana mara nne kwa mwaka. Mara tatu zatokana na habari za Injili, yaani Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Mara ya nne ni Jumapili ya mwisho ya Septemba, nayo yatokana na shamba: ni shukrani ya mavuno. Wenzao wa Marekani wana desturi iliyoanza mwaka 1980, ambayo kila muumini huleta maji kidogo kutoka mahali alipokuwa, na maji yote humiminwa katika chombo kimoja. Nao wengi huifanya mwanzoni mwa mwaka wao wa kanisa, mwezi wa Septemba. Maji yakisha changanywa, hakuna awezaye kuyatenga tena.

Mkulima wa Uasin Gishu hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano, maana anao mkononi. Zamani watu walichagua masuke mazuri, wakayatundika juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu, nayo yakawa mbegu ya mwaka uliofuata. Mwaka 1964 kituo cha Kitale, kisicho mbali na Eldoret, kilitoa mahindi ya H611. Mzazi mmoja wa mbegu ile alikuwa mahindi ya Kitale yenyewe, na mzazi wa pili alitoka Ecuador, katika Amerika ya Kusini. Wageni wawili walikutanishwa, na mtoto wao akazaa kuliko wazazi wote wawili. Lakini mbegu za namna hiyo zina sharti moja ambalo kila mkulima alijua: ukizipanda tena punje ulizovuna, mavuno hupungua. Kila mwaka sharti mtu anunue mbegu mpya.

Amani kati ya majirani ina sharti lilo hilo. Haihifadhiwi juu ya meko. Ile iliyofanywa na wazazi mwaka 2008 haiwezi kupandwa na watoto kama ilivyo na kutazamiwa kuzaa sawasawa. Watoto hao, ambao wengi hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wachanga, hawana budi kuigharimia wenyewe. Wakati huo huo, mkulima mzuri hanunui mbegu mpya akaitia katika udongo uliochoka. Mabua ya mwaka jana huliwa na ng'ombe, ng'ombe hutoa samadi, na samadi hurudi shambani. Kilichokufa ndicho kilishacho kipya. Kumbukumbu za wafu ni samadi ya nchi hii: zikirundikwa mlangoni zitanuka, zikitandazwa shambani zitalisha.

Kwa hiyo ushirika wo wote, uwe wa Pioneer, au Langas, au kijijini, waweza kufanya mambo matatu katika Jumapili yake ya mavuno, wala hayana gharama. La kwanza, kabla ya mnada kuanza, wafu watajwe kwa majina: wafu wa kila upande, wa mwaka huu na wa miaka ile, bila ya mtu kupima ni nani aliyepoteza zaidi. La pili, aalikwe jirani ambaye si wa kanisa lile wala wa kabila lile, akae mbele pamoja na wazee, na gorogoro yake ipokewe kama ya wengine. La tatu, sehemu ya fedha ya mnada itengwe kununua mbegu, apewe mjane au kijana asiyeweza kununua, ili ifikapo Machi, mvua ya kwanza inyeshapo, pasiwe na shamba hata moja lililokaa bure katika mtaa ule.