Shamba Hili la Nani?

Mjukuu wangu amekuja likizo kutoka Mtwapa. Ana miaka tisa. Siku ya pili nikamtembeza hadi kwenye waya wa umeme, tukasimama kuutazama msitu ng'ambo. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, mwisho hakuuona.

"Tsawe," yaani babu, "shamba hili la nani?"

Nilicheka, kisha cheko likanikauka. Mahali pakizungushiwa waya na kuwekwa geti, mtoto wa mjini aseme nini? Nikamweleza kuwa huu ni Arabuko-Sokoke, msitu wa serikali, yaani wetu.

"Wetu? Basi twende ndani."

Sisi watoto wa kijiji cha Jilore hatukuwa na swali hilo. Msitu ulikuwa wa serikali kabla hatujazaliwa. Wakoloni waliuita wa Mfalme mwaka 1932, wakautangaza rasmi kuwa hifadhi 1943. Nimezitafuta tarehe hizo mwenyewe. Hawe, bibi yangu, alikuwa na hesabu yake: msitu ulichukuliwa "kabla ya gharika ya Sabaki", na gharika za mto huo alizoziona yeye zilikuwa kadhaa. Tuyaache. Kwetu "wa serikali" maana yake usikate mti wala usipasue mbao. Kuingia tu, nani angemzuia mtu?

Jumapili, tukitoka kanisani, Hawe alivua viatu vyake vya plastiki, akavifunga kwenye pindo la leso, akatangulia. Huku kwetu udongo ni mwekundu na vichaka vimesongamana hadi unainama kupita. Ukivumilia mwendo unafika kwenye miti ya mirihi, na ghafla pamefunguka: mchanga mweupe, vigogo vimeachana, mwanga unateremka hadi miguuni. Mvua ikiwa imenyesha usiku, kulikuwa na harufu ambayo sijaipata kwingine. Majani makavu yaliyolowa, mavi ya ndovu ya juzi, na utamu kidogo kama wa asali ambao hadi leo sijui ulitoka mti gani. Nikiinusa nazibwa koo, mzee mzima.

Tuliokota mbegu za mbambakofi, nyeusi zenye kofia nyekundu, ziwe kete za bao. Mara nyingine alipita yule mnyama wa pua ndefu mwenye matako ya rangi ya dhahabu, akikwangua majani kama kuku, na Hawe alitufinya tunyamaze. Yeye aliegemea mti, ugoro mdomoni, hafanyi lolote. Siku sita alibeba maji na kuni kichwani. Ya saba hakuokota hata kijiti. Ukimuuliza anafanya nini alijibu, "Natua wiki."

Kulikuwa na askari wa msitu, mrefu, kaptula ya kaki, baiskeli isiyo na kengele. Akitukuta alitutazama mikono. Akiona ni kete tu aliomba maji, akanywa, akaenda zake. Ukaguzi wote ulikuwa huo.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Mihuhu iliishia kwa wachonga vinyago. Miaka ya tisini ukazuka mpango wa kumega hekta 2,700 upande wa Kararacha na Mpendakula, ukapingwa, ukafa. Gede wakaanza mradi wa Kipepeo mwaka 1993, wanakijiji wakauza pupa wa vipepeo ng'ambo. Ikaja sheria ya misitu ya 2005, ikaja ya 2016, vyama vya jamii vya msitu, kamati, semina zenye soda. Silalamiki sana. Bila hayo pengine ningekuwa naonyesha mjukuu visiki. Na waya huo ninaoukunjia uso ndio ulioniokolea mahindi dhidi ya ndovu.

Lakini hebu tazama tunayoruhusiwa: kuni, asali, dawa, nyasi. Kila kimoja ni haja ya maskini. Burudani nayo imo katika sheria, ila imewekwa pamoja na utalii, kama bidhaa ya sisi kuwauzia wengine. Hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke wa Kigiriama angetaka kukaa tu chini ya mrihi. Ufuoni Malindi tulishayaona haya: mchanga ni wa umma, vichochoro vya kuufikia vimemezwa na kuta za viwanja.

Juzi nikamshika mkono mjukuu hadi getini. Kijana aliyekuwa zamu alitupokea kwa adabu, "Shikamoo mzee", akafungua daftari.

"Mnaingia kwa shughuli gani? Kuni? Mizinga?"

"Kupunga upepo."

Akapitisha kalamu juu hadi chini ya ukurasa, akitafuta. Akanitazama mikono, nami nikafurahi kidogo, nikadhani nimemwona yule wa baiskeli. Kumbe alikuwa anangoja pesa. Nikalipa. Akaandika, akachana risiti, akampa mtoto.

Mjukuu akaisoma kwa sauti, kwa majivuno ya aliyejua kusoma juzi: "Wa-ta-lii, wawili."