Mfuo wa Santuri

Je, msomaji mpenzi, mwanao akikujia na kitabu cha Kiingereza akuulize 'groove' ni nini, utamjibuje? Wengi wetu tutasema ni mfereji, basi. Kamusi zetu zina neno zuri zaidi, nalo ni mfuo. Lakini hata mfuo hautamweleza kwa nini Mwingereza husema mtu yumo katika 'groove' akimaanisha kwamba kazi inamwendea barabara na raha anaiona.

Binti yangu aliponiletea swali hilo, nilimpa mojawapo ya santuri alizoacha marehemu babu yake, nikamwambia aiangalie penye mwanga wa dirisha. Aliona miduara mingi. Kumbe, upande mmoja wa santuri huwa na mfuo mmoja tu, unaoanza ukingoni na kujiviringa hadi karibu na katikati! Sindano hupita humo, kuta za mfuo zikiitikisa huku na huku, na mtikisiko huo ndio unaokuzwa ukawa sauti. Ikitulia humo, muziki hutoka sawasawa. Wanamuziki wa jazi wa Marekani wakaufanya msemo wao katika miaka ya 1930, na kufikia miaka ya 1960 vijana waliita 'groovy' kila walichokipenda, hata suruali.

Neno lenyewe ni kongwe kuliko santuri. Zamani lilikuwa shimo la wachimba migodi, na lina undugu na 'grave', yaani kaburi. Yote mawili asili yake ni kuchimba.

Sasa ndugu yangu anataka santuri za Baba ziuzwe. Pale Kenyatta Market, Nairobi, wapo wanaonunua muziki wa kale, naye ana karo ya kulipa. Simlaumu. Ila kuna moja yenye mkwaruzo. Sindano ikifika hapo huruka nyuma, mwimbaji akarudia neno lile lile mpaka mtu ainuke. Sisi watoto tulikuwa tukiliitikia kwa kelele, mara tatu, mara nne, naye Baba akijikokota makusudi kutoka kitini.

Hiyo hakuna mnunuzi atakayeitolea hata shilingi hamsini. Nilimwambia ndugu yangu auze zote zilizo safi, hiyo aniachie.

Akanijibu kwamba hata yeye ndiyo anayoitaka. Mpaka leo hatujaelewana.