Kijiji cha Kiswahili huko Florida

Mwaka 2022 mdogo wangu anayeishi Florida, Marekani, alipeleka watoto wake Disney's Animal Kingdom, bustani ya wanyama na michezo iliyofunguliwa mwaka 1998. Humo kuna kijiji kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Watoto walikuta maandishi ya Kiswahili kwenye kuta, wakayasoma kwa sauti.

Lakini kitindamimba alipenda zaidi upande wa dinosaria. Mwaka ule wakubwa wa bustani walisema wanafikiria kuweka pale hadithi ya Moana. Wapenzi wa bustani wakaanza kubahatisha, kila mmoja na lake. Mama naye akamwambia mtoto: “Tutarudi kumwona Moana.”

Mwaka 2024 likatangazwa lingine: mahali pa dinosaria watakuja Encanto na Indiana Jones, mwaka 2027. Mtoto akalia: “Mama, ulinidanganya.”

Hakudanganya, aligeuza fununu kuwa ahadi. Nasi, darasani na nyumbani, tunafanya vivyo hivyo. Penye “labda” tuwaambie watoto “labda”, ili siku tukisema “ndiyo” watuamini.