Mhasibu Wetu Ana Miaka Tisa

Mpenzi msomaji, ngoja nianze kwa kukiri. Kwenye kurasa hizi nimeshaandika makala zaidi ya moja kuhusu dalili za mume mwenye nyumba ndogo. Simu anapokelea nje. Usingizi hana. Ukimuuliza, "Vipi leo kazini?" anajibu, "Kawaida tu," halafu anageukia ukutani. Basi bwana, Novemba 2022 dalili zote hizo zikahamia nyumbani kwangu, tena kwa mpigo!

Sikusema kitu. Mimi niliyesomea mawasiliano chuo kikuu, miaka mitatu mizima, nilishindwa kufungua mdomo chumbani kwangu mwenyewe. Badala yake nikaona dawa ni safari. Si unajua tena, siku zote tunaambiwa penzi likipoa, fungeni mabegi mkabadilishe mazingira. Shosti wangu mmoja alikuwa ametoka Dubai na picha za kufa mtu, nikamwonyesha mume wangu moja baada ya nyingine. Nikamwambia Dubai hatuiwezi, ila Nairobi na Mombasa zinatushindaje? Siku kumi tu, sisi wawili na binti yetu wa miaka tisa ambaye alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wa nchi.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Sawa. Mtoto naye aone mambo."

Ningekuwa msikilizaji mzuri, ningejiuliza kwa nini alinyamaza muda mrefu vile.

Ili binti asitusumbue njiani, baba yake alimnunulia daftari dogo na kumpa cheo: Mhasibu wa Safari. Kila senti itakayotoka, aiandike. Mtoto alikichukua cheo hicho kwa uzito kuliko wahasibu wengi ninaowafahamu.

Nairobi: baridi, nganya na finje

Tuliondoka stendi ya Mbezi alfajiri, tukapita Korogwe, Moshi na Arusha, jioni tukagonga mihuri Namanga, na usiku tukashuka Nairobi. Mji ule uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na sisi watu wa Dar tulishuka na vijisweta vya kuendea kanisani. Binti yetu alitoa kichwa nje ya basi na kuuliza, "Mama, nani kawasha AC huku nje?"

Asubuhi Mhasibu akapata kazi yake ya kwanza ngumu. Wakati ule shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu sawa na 19 zetu. Akabuni njia yake: anazidisha kwa 20, halafu anapunguza kidogo. Alipofika kituoni akakutana na matatu, zile zinazoitwa nganya, zimechorwa nyuso za wanamuziki na wacheza mpira kutoka mbele mpaka nyuma, muziki unatikisa hadi viti. Kondakta ananing'inia mlangoni akipiga kelele, "Tao finje! Tao finje!"

"Baba, finje ni shilingi ngapi? Nataka kuandika."

Abiria mmoja, kijana wa watu, akacheka na kumfundisha: tao ni mjini, mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100. Binti akaandika vyote, kisha akamwambia, "Na sisi tuna jero na buku." Kijana naye akaomba afundishwe. Nilikaa pale nikiona watu wawili wasiojuana wanabadilishana maneno ya pesa kama wanabadilishana peremende, nikasema, kumbe hii ndiyo safari.

Kulikuwa na mama anauza smokie na mayai ya kuchemsha kando ya barabara. Binti, kama alivyolelewa, akamwamkia, "Shikamoo." Yule mama alishika kiuno akacheka mpaka akafuta machozi. Kumbe miaka na miaka anauza pale, watoto wanamwambia "niaje" tu. Akamjazia kachumbari mpaka smokie haionekani. Daftarini iliandikwa: *kachumbari ya nyongeza, bure, sababu ya shikamoo.*

Tulikwenda pia kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na ambayo imepakana kabisa na jiji. Twiga anatafuna majani ya mgunga, nyuma yake maghorofa yamesimama. Binti alipiga picha nyingi sana, halafu akauliza swali ambalo bado sina jibu lake: "Hawa twiga wanajua kwamba wako mjini?"

Ungetuona siku ile ungesema familia bomba! Lakini usiku, kwenye nyama choma, simu ya mume wangu iliita, akatazama kioo, akainuka na kutoka nje. Dakika 15. Aliporudi alikuwa na jasho usoni, na baridi yote ile ya Nairobi.

"Nani?"

"Mtu wa kazini."

Niliweka kipande cha nyama chini. Usiku ule tulilala kila mtu na ukuta wake, mtoto katikati. Kichwani nilikuwa nimeshamchora huyo mwanamke, urefu wake, nywele zake, hadi manukato.

Ripoti ya Mhasibu

Siku ya tano tulipanda treni ya Madaraka Express kwenda Mombasa. Tiketi ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 za Kenya kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto (tangu Januari 2024 mtu mzima analipa 1,500, kwa hiyo usinilaumu ukifika dirishani). Stesheni mnapanga mabegi chini kwa mstari na mbwa wanapita wakinusa moja moja. Binti alifurahia mbwa wale kuliko treni yenyewe, mpaka tulipoingia Tsavo na kuwaona tembo wekundu kama matofali, kwa sababu ya udongo wa kule wanaojipaka. Nilimwona mume wangu akimbeba mtoto dirishani na kumwonyesha. Alikuwa anacheka kweli. Nikajiambia, mtu mwenye nyumba ndogo anacheka hivi?

Hoteli tuliyoagiza ilikuwa Nyali, karibu na bahari, yenye bwawa la kuogelea. Shilingi 7,500 za Kenya kwa usiku, tulale siku tano. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, Mhasibu akafungua daftari lake kitandani.

"Nataka kusoma ripoti," akasema. "Hoteli 7,500 mara siku tano ni 37,500. Sisi tumebakiwa na 31,000. Na bado hatujala, na bado basi la kurudi."

Mume wangu akacheka cheko lisilo na sauti. "Baba atatoa nyingine benki."

"Ulisema hivyo juzi Nairobi. Mbona sijaona imeingia?"

We acha tu! Chumba kilinyamaza, tukabaki kusikia feni. Nilimtazama mume wangu, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili nilimwona sawasawa. Alikuwa amekonda.

Mtoto alipolala tulitoka kwenye kibaraza. Nikamuuliza lile swali nililolibeba kutoka Dar: "Kuna mwanamke?"

Akanitazama kama nimeongea Kichina. "Mwanamke? Mke wangu, mimi sina kazi."

Mkataba wake uliisha Oktoba, wakapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Kila asubuhi alikuwa anavaa shati, ananibusu, anaondoka, na kwenda kukaa ofisini kwa rafiki yake mpaka jioni ifike. Mshiko wa safari aliupata kwa wale jamaa wa mikopo ya mitaani tunaowaita kausha damu. Shilingi laki nane, marejesho kila wiki. Zile simu zilikuwa zao.

Nitakwambia ukweli ambao si wa kujivunia: kitu cha kwanza nilichokisikia ni furaha. Hakuna mwanamke! Halafu hasira ikafuata, tena nyingi.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Jioni niliyorudi na maneno yako mdomoni ndiyo jioni uliyonionyesha picha za Dubai."

Hapo sikuwa na jibu. Tulikaa pale mpaka karibu saa nane usiku. Tulilaumiana, tulilia, tukanyamaza, tukaanza upya. Sikumsamehe usiku ule, nisikudanganye. Lakini tulikubaliana jambo moja: kesho mtoto aambiwe, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa ameandika ukweli.

Asubuhi baba yake alimwambia, "Mwanangu, kwa sasa Baba hana kazi, na pesa ulizohesabu ndizo zilizopo." Tulijiandaa kwa machozi. Yeye akafikiri kidogo, akageuza ukurasa. "Basi tuhame hapa," akasema. "Bwawa nimeshaliogelea jana."

Mombasa ya shilingi 2,000 kwa siku

Kijana wa mapokezi alikuwa muungwana, akatudai usiku mmoja tu. Tukapata gesti ya kawaida mjini kwa shilingi 2,500. Mhasibu akapiga hesabu upya: toa hoteli, toa gesti ya siku nne, toa nauli ya watu watatu mpaka Dar, zinabaki 8,100. Yaani kama 2,000 kwa siku, kula, usafiri na starehe. Na hapo ndipo, mpenzi msomaji, safari yetu ilipoanza!

Tulipita Moi Avenue chini ya zile pembe kubwa za ndovu, binti akazigonga kwa mkono na kugundua ni bati tupu. Tulikula viazi karai vya moto na ukwaju, asubuhi mahamri na mbaazi. Tulizunguka Mji wa Kale tukihesabu milango ya nakshi. Muuza mabuyu mmoja, mama mtu mzima, akamuuliza binti yetu, "Wataka za shilingi ngapi, mwanangu?" Mtoto akaninong'oneza, "Mama, huyu anaongea kama shairi." Na shikamoo yake huku ilipokelewa vizuri kabisa, kwa marahaba ndefu na dua juu.

Tulilipa kiingilio cha Fort Jesus, maana kuja Mombasa bila kuingia pale ni kama kwenda harusini bila kumwona bibi harusi. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na ikawatoka mikononi mwaka 1698 baada ya Waomani kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Binti aliduwaa. "Miaka mitatu wamejifungia ndani?" Baba yake akajibu, "Mimi miezi miwili tu nimechoka." Tukacheka, na lilikuwa cheko letu la kwanza tangu ule usiku wa kibarazani.

Lakini kilichomvutia binti kuliko vyote ni kivuko cha Likoni. Mtembea kwa miguu halipi kitu. Tulivuka, tukarudi, tukavuka tena, katikati ya umati wa watu wanaotoka kazini, baiskeli, mikokoteni ya maji na kuku kwenye matenga. Meli kubwa ya makontena ikapita mbele yetu kuelekea bandarini, karibu kiasi kwamba binti alipunga mkono akitaraji jibu. Jioni tulikaa ufukwe wa Mama Ngina chini ya mibuyu, tukagawana dafu moja na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mume wangu akaweka mkono wake juu ya wangu. Sikuutoa.

Siku ya kumi tulivuka Likoni kwa mara ya mwisho tukiwa ndani ya basi, tukapita Lunga Lunga na Horohoro, tukala machungwa Tanga, usiku tuko Dar. Mfukoni tulikuwa na shilingi 340 za Kenya, zimehakikiwa.

Daftari mezani

Sitakudanganya kwamba safari ilitatua kila kitu. Mwaka 2023 ulikuwa mgumu. Tuliuza gari ili kuwamaliza wale wa kausha damu, na kwa miezi kadhaa mimi ndiye niliyelipa kodi na ada. Sasa mume wangu anafanya kazi zake binafsi za ukadiriaji majenzi. Kuna mwezi zinaingia, kuna mwezi hakuna kitu. Tofauti ni kwamba najua ni mwezi gani.

Kila tarehe moja daftari linakaa mezani, pesa zilizoingia, zilizotoka, na tunazodaiwa. Mhasibu anahudhuria dakika kumi za mwanzo, kisha anakwenda kulala na sisi tunabaki na yale ya watu wazima. Desemba 2024 daftari lilisema ndiyo, tukapanda treni ya umeme ya SGR kwenda Dodoma kwa siku tatu. Hakuna aliyepokelea simu nje.

Kwa hiyo kama wewe na laazizi wako mnapanga kusafiri mwaka huu, nendeni, tena mkaichukue na familia. Miji ina mengi ya kumfundisha mtoto ambayo darasani hayapo. Ila kabla ya kufunga mabegi, kaeni chini mwambiane kilichopo na kisichopo. Na kama mwenzako anapokelea simu nje, muulize. Usifanye kama mimi, ukamchora mwanamke ambaye hayupo.

Juzi nililikuta lile daftari la kwanza kabatini. Ukurasa wa mwisho binti aliandika orodha ya vitu vizuri kuliko vyote. Namba moja, kivuko, shilingi 0. Namba mbili, kachumbari ya shikamoo, shilingi 0. Namba tatu, tembo wekundu. Namba nne, viazi karai. Bwawa la hoteli limo, namba saba, nyuma ya mbwa wa stesheni.

Namba tano ameandika: *Mama na Baba wakiongea usiku nje. Walidhani nimelala.*