Gramu 100

Sauti yenyewe ni kama ya kufungua soda. Psssss, halafu kimya. Mara ya kwanza nilipoisikia kwa karakana ya Anko, Kariobangi, nilijua ni nini kimetoka na kinaelekea wapi. Sikusema kitu. Nilikuwa nimeacha chuo mwezi uliopita, mwaka wa pili wa kemia, karo imenishinda, na Anko ndiye alinipa kazi ya kumshikia tochi akirekebisha friji. Mtu kama huyo humfundishi kazi yake.

Kwa mtungi imeandikwa R-134a. Kwa daftari langu la chuo iko chini ya haloalkani. Chukua haidrokaboni, ndugu za ile gesi ya kupikia, ondoa haidrojeni kadhaa, weka klorini au florini mahali pake. Kaboni ikishikana na florini, kuwaachanisha ni shida. Ndiyo maana gesi hizi haziwaki ovyo, hazinuki, hazili paipu.

Na kusema ukweli, ziliokoa watu. Friji za zamani zilitumia amonia, salfa dioksidi au kloridi ya methili (hii pia ni haloalkani, lakini yenye sumu), na ikivuja usiku kuna familia hazikuamka. Mwaka wa 1930, Mmarekani Thomas Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta gesi yake mpya mapafuni, akaipuliza kwa mshumaa. Mshumaa ukazima. Yeye akabaki mzima. Nani angekataa?

Shida ni kwamba kitu kisichosumbuliwa na chochote huku chini hakiozi. Mwaka wa 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza safari yake: inapanda polepole hadi juu kabisa, na huko miale ya urujuanimno inakata klorini kutoka kwa kaboni. Klorini hiyo inavunja ozoni, inaachiliwa, inarudi kuvunja nyingine. Atomu moja inaweza kumaliza molekuli 100,000. Mwaka wa 1987 dunia ikatia sahihi Mkataba wa Montreal, na sekretarieti yake iko Gigiri, hapa hapa Nairobi. Nimewahi kupita nje ya geti na matatu.

R-134a haina klorini, kwa hivyo ozoni iko salama. Lakini inashika joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi. Friji ya nyumbani hubeba kama gramu 100. Piga hesabu: ile psssss moja ni zaidi ya kilo 100 za kaboni dioksidi. Mwaka wa 2016, kule Kigali, nchi zilikubaliana kuipunguza hii nayo.

Nilimwambia Anko yote haya siku ile Mama wa maziwa alirudisha friji yake mara ya tatu. Kila mara alikuwa anaongezewa gesi na kulipa, inavuja, anarudi.

"Sasa Profesa," Anko akasema, "niiweke wapi? Kwa paperbag?"

Kuna mashine ya kuivuta na kuirudisha kwa mtungi. Anko anaijua kuniliko. Anajua pia bei yake.

Nikamwomba basi tutafute tundu kwanza. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo, na nyuma, karibu na kompresa, kiputo kikafura. Nilifurahi kama nimepita mtihani. Halafu Anko akawasha tochi ya moto na kuniangalia, akingoja nifikirie.

Nikafikiria. Huwezi kuchomelea paipu yenye gesi ndani. Moto unaivunja na kutoa haidrojeni floraidi, na hiyo inachoma mapafu. Lazima kwanza utoe iliyobaki. Tusipoziba, itavuja yote na tutaongeza nyingine, tena na tena. Tukiziba, ni hii ya leo tu. Nje, Mama alikuwa amekalia mtungi wa maziwa, saa sita ya mchana.

"Fungua wewe," Anko akasema, akinipa spana.

Nilifungua. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyokumbuka. Ilipoisha Anko akaleta moto, akaziba, na Mama akauliza kama safari hii itakaa.

"Muulize Profesa," Anko akajibu.

Nikamwambia itakaa.