Kutoka Ngitili za Shinyanga hadi Mialo ya Geita

Mama mwenzangu, ukifika Shinyanga mwezi wa Septemba, jua litakupokea kabla ya mwenyeji wako. Nchi ni tambarare, mawe makubwa yamekaa juu ya mengine kana kwamba mtu aliyapanga, na vumbi huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Salamu hapa haina haraka. Asubuhi utaambiwa, "Mwangaluka, mayu," nawe usimame uitikie, uulizwe habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe, hata kama ng'ombe huna.

Nilipita huko na akina mama wa kanisa letu, tukienda Geita kwa semina ya afya. Tulilala kijijini kwa mzee mmoja, naye jioni akatuonyesha ngitili ya ukoo wake. Kwa macho ya mgeni ni kichaka tu: migunga, mikwaju michache, nyasi kavu zinazofika magotini. Kwa Msukuma ni ghala. Mvua zinapoanza, eneo hufungwa, mifugo isiingie, nyasi zipate kukua. Kiangazi kikikaza, ndipo hufunguliwa kidogo kidogo kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na wale waliodhoofika.

Ghala hili lilikaribia kusahaulika. Wakati wa ukoloni miti ya Shinyanga ilifyekwa kwa wingi ili kuangamiza mbung'o, wanaoleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kisha yakaja mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengi waliacha ngitili zao nyuma. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga iliitwa jangwa. Aliyeumia zaidi unamjua: ni yule anayetafuta kuni. Majumba mengi yalipikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Wataalamu walikuja na vitalu, miche na mipango ya kupanda. Lakini jambo lililoirudisha nchi hasa halikutoka kitaluni. Lilipatikana walipokaa na wenyeji wakawauliza: zamani mlifanyaje? Wakasimuliwa habari za ngitili. Chini ya ule udongo uliochakaa mizizi ilikuwa bado hai, ikihitaji kupumzishwa tu. Dagashida, yaani baraza la kijadi, lilitoza faini kwa anayeingiza mifugo, na sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 hekta za ngitili zilizojulikana zilikuwa 600 hivi. Miaka chini ya 20 baadaye zilikuwa zimepita 300,000. Sisemi kwamba elimu ya chuo ni bure. Stashahada yangu imenilisha miaka mingi. Nasema tu kwamba wale mabwana misitu walikuwa na shahada zao, na bado waliuliza.

Kutoka Shinyanga tulipitia Mwanza. Wanaokumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo watafurahi: tangu mwaka 2025 kuna daraja la kilomita 3 hivi, na unavuka kabla hujamaliza kumenya chungwa.

Geita ni mji wa haraka, makao makuu ya mkoa tangu mwaka 2012. Mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, lakini tuliokwenda kuwaona ni akina mama wa wachimbaji wadogo. Huponda mawe, huosha mchanga kwenye mialo, hupika mama ntilie, na baadhi huchoma dhahabu. Zebaki huchanganywa na ule mchanga, ikashikamana na dhahabu ikawa kidonge. Kidonge huchomwa, zebaki ikaruka kama mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani vizuri wala haunuki, nao hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na hupita kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto.

Ningeweza kusema, "Chomeni nje," nikafunga daftari. Kwa sababu ya yale ya Shinyanga, niliuliza kwanza: mnachomea wapi, na kwa nini? Wakacheka. Jikoni, usiku, mlango umefungwa. Ukichomea nje, kila mpita njia anajua una dhahabu, na usiku huohuo wezi watabisha hodi.

Kisha mama mmoja akasimama na mtoto wa miaka 4. "Nesi, nilichoma nikiwa na mimba yake. Hadi leo hasemi vizuri. Ni zebaki?"

Nilikumbuka Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga sumu hiyo baharini na watu kula samaki. Madaktari wa siku hizo waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Daktari Masazumi Harada alikutana na mama mwenye wavulana wawili wagonjwa. Mkubwa alihesabiwa kuwa na ugonjwa wa Minamata. Mdogo hakuwahi kuonja samaki, hivyo ikasemwa ana ugonjwa mwingine. Mama akasisitiza kwamba samaki alikula yeye. Mwaka 1962 wataalamu walikubali rasmi kwamba sumu ilipita tumboni, na baadaye ilipimwa katika vitovu vikavu ambavyo familia za Kijapani huvitunza.

Basi sikuthubutu kumwambia mama huyu kwamba siyo. Wala sikuweza kumwambia ndiyo. "Mama, kwa kumtazama tu sijui," nilimjibu. "Mtoto huchelewa kusema kwa sababu nyingi: masikio, uzazi mgumu, malaria kali, na zebaki yaweza kuwamo. Tuanze kwa kupima." Bibi mmoja aliyekaa nyuma akanong'ona, tena kwa sauti: "Nesi gani huyu asiyejua?" Mama wa mtoto akageuka: "Bibi, mwache. Wa kwanza aliniambia nimerogwa."

Kabla ya jua kuzama walikuwa wamepanga wenyewe: kuchomea nyuma ya karasha mchana, wakiwa kundi ili mwizi aogope, mwenye mimba au anayenyonyesha asikaribie, nguo za kazi zisiingie chumbani. Kifaa cha kunasia mvuke kilikuwa kimoja tu mtaani, na wawili walitumwa kwa mwenyewe kukiomba. Niliandika barua ya kumpeleka mtoto hospitali. Mama yake aliikunja, akaifunga kwenye ncha ya khanga yake.