Vitwitwi Wawili wa Kalokol

Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kalokol hupita katika nchi kavu yenye mchanga na mikoma kwa kilomita zipatazo 60, kisha hufika Ziwa Turkana, lililoitwa Ziwa Rudolf hata mwaka 1975. Hapo iko Ghuba ya Ferguson, iliyotengwa na ziwa kubwa kwa ulimi wa mchanga wa Longech. Katika matope ya ukingoni, tangu Septemba hata Aprili, huonekana wageni wadogo watokao kaskazini ya dunia.

Wageni hao ni vitwitwi wa aina mbili, ambao mtu asiyetazama vizuri hudhani ni aina moja. Kila mmoja ana uzito wa gramu 25 hivi, nao wote huzaliwa katika nchi za baridi, toka Norwei hata Siberia. Walakini tofauti zao ni wazi. Wa kwanza, kitwitwi mdogo, ana miguu myeusi na kifua cheupe. Hupenda kundi kubwa, naye hukimbia huku na huku mahali peupe akidonoa upesi kama sindano ya cherehani. Wa pili, aitwaye kwa jina la Temminck, mtaalamu wa ndege wa Uholanzi, ana miguu ya manjano yenye ukijani na kifua cha kijivu. Hukaa peke yake au pamoja na wachache, karibu na majani. Akishtuliwa hupaa juu sana, huku akilia kwa sauti ya kutetemeka.

Wote wawili hula wadudu wa matopeni. Chakula hicho huwapa nguvu ya kurudi kwao, safari ipitayo kilomita 7,000. Kwa hiyo wao, kama wavuvi, wategemea ghuba hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norwei ilisaidia kujenga kiwanda cha kugandisha samaki hapo Kalokol. Lakini kabla ya miaka kumi kupita, ghuba ilikuwa karibu kukauka, na ngege waliozaliana humo wakaadimika. Baadaye maji yalirudi. Kiasi cha asilimia 90 ya maji ya ziwa huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Basi mvua ya huko ikipungua, mvuvi na ndege huona taabu pamoja.

Nawe msomaji, ukifika Kalokol mwezi wa Aprili, tazama kwanza miguu yao. Ila usiwakaribie mno, maana wakati huo wanajinenepesha kwa safari, na kila wakirushwa hupungukiwa.